UZI: Sherifu asiwe koroneri. Jinsi ya kutoa uchunguzi wa vifo mikononi mwa polisi wa kaunti

Karani wa Faili

Wakuu, salaam. Mahabusu akifa Marekani, wengi tunakimbilia video na mahakama. Mimi nataka tuangalie karatasi inayotangulia vyote hivyo, yaani cheti cha kifo, na hasa kile kisanduku kinachosema mtu alikufa katika mazingira gani.

California ina kaunti 58. Katika 48 kati ya hizo, sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ndiye pia koroneri, ofisa wa kuchunguza vifo. Mtu yule yule aliyepigiwa kura, anayeendesha jela ya kaunti, anayeajiri askari wake na kuwapandisha vyeo, ndiye anayetia sahihi kueleza mahabusu aliyefia mikononi mwa askari hao alikufaje. Nevada na Montana pia wana mtindo huu katika kaunti nyingi. Wahenga walishamaliza: kesi ya ngedere ukimpelekea nyani, hukumu unaijua.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Sheria ya jimbo inairuhusu Bodi ya Wasimamizi, ambayo ndiyo baraza la kaunti, kuunganisha ofisi hizo mbili kwa sheria ndogo. Sababu ilikuwa fedha. Kaunti ya milimani yenye vifo vichache kwa mwaka haikuona haja ya kuwa na ofisi nyingine, wakati askari wa sherifu tayari wana magari, redio na zamu ya usiku.

Asiyefahamu vitu viwili vifuatavyo atapotea mapema. Kuna *sababu* ya kifo: risasi ya kifua, sumu ya fentanili, kukosa hewa kwa kubanwa. Halafu kuna *aina* ya kifo, ambazo ni tano tu: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au haikubainika. "Kuuawa na mtu mwingine" kwenye cheti haina maana ya jinai, inasema tu kwamba kitendo cha mtu mwingine ndicho kilicholeta kifo. Kama kuna kosa au hakuna, hilo ni la mwendesha mashtaka. Lakini ikiandikwa "ajali", mwendesha mashtaka mara nyingi hafungui hata faili, na wakili wa familia anaanza kesi ya madai huku hati ya serikali ikimpinga.

Sababu huandikwa na daktari. Aina, katika kaunti hizo 48, huandikwa na sherifu.

MamaSheria

Ahsante Karani. Niongeze upande wa sheria, maana watu husema "si walisharekebisha 2016?" Walirekebisha nusu.

Mswada SB 1189 wa 2016 ulileta mambo matatu ya maana. Upasuaji wa maiti wa kisheria ufanywe na daktari mwenye leseni peke yake. Askari aliyehusika moja kwa moja na kifo asiingie chumba cha upasuaji. Ripoti za polisi, video, taarifa za eneo la tukio na majibu ya maabara yanayohusu kifo kilichotokana na kazi ya polisi apewe daktari kabla uchunguzi haujafungwa.

Ukisoma sehemu ya aina ya kifo, inasema itaamuliwa na koroneri *kwa kushauriana* na daktari. Kushauriana tu. Sherifu akimsikiliza daktari dakika tano, akashukuru, kisha akaandika kinyume, ametimiza sheria.

Hilo si la kufikirika. Mwishoni mwa 2017, kaunti ya San Joaquin, madaktari wawili wa patholojia, wale wanaopasua maiti kutafuta sababu ya kifo, walijiuzulu: Bennet Omalu, yule Mnigeria aliyegundua ugonjwa wa ubongo wa wachezaji wa mpira wa Kimarekani, na mwenzake Susan Parson. Walimtuhumu sherifu wa wakati huo kwamba aliingilia kazi yao, ikiwemo kuandika "ajali" pale ambapo daktari aliona mtu ameuawa na mtu mwingine. Walilalamika pia kwamba maiti zilikatwa mikono kwa ajili ya utambuzi bila daktari kuona haja yake. Sherifu alikana kuingilia. Aprili 2018 Bodi ya kaunti ilipiga kura kutenganisha ofisi, na Juni mwaka huo huo yeye akashindwa uchaguzi.

Ngazi ya jimbo ilikuwa ngumu zaidi. SB 1303 wa 2018 ulipita bungeni, Gavana Brown akaukataa akisema uamuzi uachiwe kaunti. AB 1608 wa 2022 ulitaka kutenganisha jimbo zima, ukaangukia Seneti. Vyama vya masherifu vilipinga yote miwili.

Daktari wa Baridi

Naomba niingie hapa kwa upande wa meza ya upasuaji, kwa sababu mjadala huu ukibaki kwenye sahihi peke yake tutakosa kitu kikubwa zaidi.

Chukulia mtu amelazwa kifudifudi, amefungwa pingu nyuma, na askari wawili au watatu wamemkandamiza mgongoni. Akifa, mwili unaweza usionyeshe kitu. Kukosa hewa kwa kubanwa kifua mara nyingi hakuachi alama inayojitegemea. Daktari atakuta moyo umepanuka kidogo na methamfetamini kwenye damu. Akiwa ameambiwa "alianguka ghafla akiwa chini ya ulinzi", ataandika moyo na dawa za kulevya, na hatakuwa amesema uongo. Amejibu swali kwa vielelezo alivyopewa. Akipewa video nzima na kuona uzito ulikaa mgongoni dakika sita, na kwamba mtu alinyamaza dakika ya nne na uzito haukutoka, jibu linabadilika.

Kwa hiyo mwenye video ndiye mwenye cheti, hata kama hajashika kalamu.

Shingo nayo ina utaratibu wake. Ni lazima utoe ubongo na viungo vya kifua kwanza, uache damu ya shingoni ichuruzike, ndipo upasue shingo safu moja baada ya nyingine hadi kwenye kifupa cha hayoidi na gegedu la koo. Ukianza na shingo ikiwa bado imejaa damu, damu itavuja nyuma ya umio na itafanana kabisa na jeraha la kukabwa. Hapo mtu anaweza kutuhumiwa bure. Na wakili mwerevu wa upande wa polisi akigundua ulikosea mpangilio, hata jeraha la kweli litatupwa.

Mgongo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono na vya miguu vipasuliwe pia. Michubuko ya ndani ya pingu na ya magoti haionekani juu ya ngozi, hasa kwa mtu mweusi. Ofisi zenye haraka huruka hatua hii, na hiyo ndiyo hatua ambayo familia inaihitaji kuliko zote.

Damu ichukuliwe kwenye mshipa wa paja, usichukue ya moyoni, kwa sababu dawa nyingi huhama kutoka kwenye viungo baada ya kifo na kupandisha kiwango cha moyoni. Itiwe kwenye chupa yenye sodiamu floraidi. Chukua na maji ya ndani ya jicho, hayo huharibika polepole zaidi. Kama mtu alikaa hospitali siku mbili kabla ya kufa, damu ya mochwari haitakuambia mengi kuhusu saa aliyokamatwa. Unayoihitaji ni ile ya kwanza aliyotolewa alipofikishwa, na maabara za hospitali hutupa sampuli baada ya siku chache. Simu ipigwe siku hiyo hiyo.

Mpiga Hesabu

Nakubaliana na kanuni, lakini wengi wenu hamjawahi kukaa na bajeti ya kaunti. Madaktari wa kazi hii hawapo. Marekani nzima waliosomea na wanaofanya kazi hii muda wote hawafiki 1,000. Mtu anamaliza shule ya udaktari miaka minne, anaongeza patholojia miaka mitatu au minne, kisha mwaka mmoja wa uchunguzi wa vifo, halafu analipwa chini ya mwenzake aliyebaki hospitali. Mtaandika sheria nzuri na kiti kitabaki kitupu.

Kaunti yenye watu 20,000 itamwajiri daktari wa kufanya nini siku nzima?

Karani wa Faili

Swali la haki kabisa, Mpiga Hesabu. Tuchukue namba.

Chama cha kitaifa cha wachunguzi wa vifo cha huko kinashauri daktari mmoja asipite pasuaji 250 kwa mwaka, na ofisi ikimpitisha 325 inapoteza ithibati. Kaunti yenye pasuaji 600 kwa mwaka inahitaji 2.4, yaani watatu, ukihesabu likizo na siku za kutoa ushahidi mahakamani. Kaunti yenye pasuaji 30 haihitaji hata mmoja wa kudumu, na hapo uko sahihi. Hiyo inunue huduma kwa kaunti jirani.

Ila angalia hili. Sherifu-koroneri naye anamlipa daktari kufanya upasuaji, maana tangu SB 1189 hana njia nyingine. Gharama ya daktari ipo tayari kwenye vitabu. Kinachoongezeka ni wapelelezi wa eneo la tukio, gari, jokofu na meneja, na sehemu ya wapelelezi hao wapo tayari wakivaa sare ya sherifu. Unapotenganisha unahamisha nafasi na fungu lake, huanzi na sifuri.

Utaratibu wenyewe California ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 24010 cha sheria za serikali za jimbo kinairuhusu Bodi, kwa sheria ndogo, kufuta ofisi ya koroneri na kuweka daktari mchunguzi wa vifo anayeteuliwa na Bodi, naye lazima awe na leseni na ubingwa wa patholojia. Hakuna kura ya wananchi wote inayohitajika kwa kaunti ya kawaida. Los Angeles, San Francisco, San Diego, Ventura na Santa Clara wana madaktari. Santa Clara walimtoa sherifu 2016. Sacramento na San Mateo wana koroneri ambaye si daktari ila si sherifu pia, na hiyo ni njia ya kati inayosahaulika.

Kosa la kawaida ni Bodi kupitisha sheria ndogo na kusahau mambo ya chini. Jengo la mochwari liko kwenye uwanja wa sherifu. Mfumo wa kompyuta wa faili ni wa sherifu. Simu ya usiku inaingia kwa mpokeaji wa sherifu. Ukiacha hivyo, umebadilisha kibao cha mlangoni. Nambari ya simu na seva viwe vya kwanza kuhama, hata kabla ya jokofu.

Mtaa wa Baltimore

Habari za leo wakubwa. Mnazungumza kana kwamba kutenganisha ndiyo dawa. Maryland ilishatenganisha tangu 1939. Ofisi ni ya jimbo zima, ina madaktari watupu, haina sherifu wala uchaguzi. Na angalia kilichotokea.

Baada ya aliyekuwa mkuu wa ofisi hiyo, David Fowler, kutoa ushahidi kumtetea askari aliyeshtakiwa kwa kifo cha George Floyd 2021, mamia ya madaktari wenzake waliandika barua ya kutaka kazi zake zipitiwe. Jimbo likaagiza ukaguzi wa vifo vya watu waliokuwa wamedhibitiwa na polisi. Matokeo yalitoka Mei 2025: kesi 87 zilipitiwa na wataalamu huru, kila moja ikisomwa na watatu. Katika kesi 36 wote watatu walisema ilipaswa kuandikwa "kuuawa na mtu mwingine", na kwenye nyingine tano wawili kati ya watatu walisema hivyo. Ofisi ilikuwa imeandika haikubainika, ajali au maradhi.

Na hao walioandika hivyo walikuwa madaktari, hawakuwa chini ya sherifu yeyote.

Daktari wa Baridi

Mtaa wa Baltimore umegusa penyewe, na wanaopigania kutenganisha wasikwepe ushahidi huu.

Sehemu kubwa ya kesi zile ilibebwa na utambuzi ule wa "wazimu wa msisimko", kwamba mtu alipandwa na kichaa, akapata joto, moyo ukasimama, mikono ya askari ikawa bahati mbaya tu. Mafunzo ya polisi yalikuwa na neno hilo, wauza silaha za umeme kama Taser walikuwa nalo, na madaktari wakalipokea. Chama cha wachunguzi wa vifo kiliacha kulikubali Machi 2023, na mwaka huo huo California ikawa jimbo la kwanza kulipiga marufuku kama sababu ya kifo, kupitia AB 360. Unaweza kumtoa sherifu kwenye jengo na fikra zake zikabaki kwenye kamusi ya daktari.

Bado tofauti ya msingi ipo. Maryland kulikuwa na faili za kitabibu, picha, slaidi na maandishi ya daktari ambayo watu wa nje waliweza kuyasoma na kumkosoa kwa jina. Kosa la daktari lina mahali pa kukatiwa rufaa, kwa wenzake na kwa bodi ya leseni. Kosa la sherifu aliyeandika "ajali" linakatiwa rufaa wapi? Kwenye sanduku la kura baada ya miaka kadhaa.

Ninachoongeza kwenye madai ya kutenganisha ni hiki: kila kifo cha aliyekuwa chini ya ulinzi kisomwe na daktari wa pili asiye wa ofisi ile *kabla* cheti hakijafungwa, na maoni yake yakae kwenye faili hata kama yanapingana na ya kwanza.

Kijana wa Eldoret

Shikamooni. Nimesoma kimya mpaka hapa. Kwetu Kenya kaunti hazina polisi wake, polisi ni wa kitaifa, lakini ugonjwa naona ni ule ule. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makoroneri si ilipitishwa 2017? Iliishia wapi?

MamaSheria

Marahaba mwanangu. Ilipitishwa, ndiyo. Inaunda Koroneri Mkuu na huduma inayojitegemea, na inataja wazi vifo vya walio mikononi mwa polisi na magereza. Kisha miaka mingi ikapita bila huduma hiyo kuanza kazi. Sheria ipo kwenye vitabu, ofisi haikusimama.

Kilichobaki kikifanya kazi ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, vifungu vya 385 hadi 388. Afisa wa polisi anapokea habari ya kifo, anapeleleza, anaandika ripoti kwa hakimu. Mtu akifia kwenye ulinzi wa polisi, kifungu cha 387 kinamtaka hakimu aliye karibu afanye uchunguzi. Mwanapatholojia wa serikali yuko Wizara ya Afya, hilo ni jema, tumewazidi California hapo. Lakini fomu ya uchunguzi wa maiti ni ya polisi, 23A, na maelezo ya jinsi kifo kilivyotokea yanajazwa na polisi kabla daktari hajagusa mwili.

Juni 2025 tuliona faida ya daktari kutokuwa chini ya polisi. Mwalimu aliyefia kituo kikuu cha Nairobi, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia watano, akiongoza Dkt. Bernard Midia, wakatoka na majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na michubuko mingi mwilini, na kusema haielekei alijifanyia mwenyewe. Kauli ya polisi ikaanguka ndani ya siku chache. Hebu fikiria fomu ile ingekuwa inasainiwa na mkuu wa kituo.

IPOA, chombo huru cha kusimamia polisi Kenya, ina mamlaka ya kuchunguza vifo hivi, ila inafika baada ya polisi kushika eneo la tukio. Tatizo ni lile lile la nani anashika video na eneo la tukio.

Mpiga Hesabu

Sawa, nimebadilika kidogo kwenye gharama. Turudi California: nini kinakuja sasa? Nasikia kuna sheria mpya ya mikataba.

Karani wa Faili

AB 1108, ilisainiwa Oktoba 2025. Kuanzia tarehe 1 Januari 2027, kaunti ambayo sherifu ndiye koroneri itatakiwa vifo vya walio kizuizini viende kwa kaunti nyingine yenye ofisi huru au kwa daktari mchunguzi wa nje, kwa mkataba. Zamani sherifu aliruhusiwa kuomba kaunti jirani imsaidie, kwa hiari yake. Hiari ndiyo imeondolewa, kwa vifo vya kizuizini.

Mkataba huo ukiandikwa kizembe utaturudisha pale pale, kwa hiyo wanaokaa kwenye vikao vya Bodi wauangalie mstari kwa mstari. Utaje nani anampigia daktari simu na ndani ya dakika ngapi. Sheria tayari inasema mwili usisogezwe bila ruhusa ya koroneri. Mkataba useme ruhusa hiyo sasa ni ya ofisi ya nje, na kwamba chumba cha jela kifungwe bila kudekiwa mpaka mpelelezi wao afike. Dekio ni adui mkubwa kuliko askari mwongo: dawa iliyomwagika, matapishi, kamba ya shuka, vyote vinaondoka na ndoo moja.

Daktari wa nje aandike sababu *na* aina, atie sahihi yeye. Mkataba mwingi utajaribu kumwachia sherifu hiyo ya pili. Malipo yatoke ofisi ya mtendaji wa kaunti, yasitoke fungu la sherifu. Kusiwe na kipengele cha kuvunja mkataba bila sababu wakati kesi iko wazi. Na video iende nzima, pamoja na daftari la ukaguzi wa vyumba na data iliyopakuliwa kutoka kwenye Taser, kwa saa zinazohesabika, wala si "kwa wakati muafaka".

Daktari wa Baridi

Ongeza usafiri. Gari la ofisi ya nje ndilo libebe mwili. Mikono ifungwe mifuko ya karatasi, ya plastiki hutoa jasho na kuosha ushahidi. Mirija ya hospitali isitolewe. Nguo zisikatwe kupitia kwenye matundu, zikaushwe kwa hewa. Jokofu nyuzi 2 hadi 4, usigandishe.

Kijana wa Eldoret

Na familia iliyoko huko, tuseme ndugu zetu wa diaspora, wafanye nini wiki ya kwanza kabla hiyo 2027 haijafika?

MamaSheria

Siku ya kwanza waandike barua kwa koroneri na kwa hospitali kuomba sampuli, video na picha zihifadhiwe. Barua yenye tarehe, sio simu. Kwa sheria ya California mume, mke au ndugu wa karibu anaweza kuomba upasuaji kwa maandishi kama koroneri hakupanga kuufanya, kwa gharama yake. Wasikubali mwili uchomwe wala kutiwa dawa ya kuhifadhi kabla hawajaamua kuhusu daktari wao wa pili, kwa sababu dawa hiyo inaharibu vipimo vya sumu, na kwa mwili unaosafirishwa kuja nyumbani kampuni za mazishi huitia haraka sana.

Jela inatakiwa kumwandikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo ndani ya siku 10, na kuweka taarifa ya kifo kwenye tovuti yake ndani ya siku 10 pia. Siku ya 11 wakague tovuti. Kama haipo, waandike barua ya pili, nakala kwa Bodi.

Wakimpata daktari wa pili, wamwambie aombe kwanza slaidi za upasuaji wa kwanza na vipande vya mwili vilivyohifadhiwa kwenye nta, maana hivyo hutunzwa miaka mingi, ilhali damu na mkojo hutupwa mapema. Upasuaji wa pili peke yake, kwenye mwili uliokwisha kufunguliwa, kuhusu shingo hausemi tena kitu cha kutegemea.